Waifai haifiki chumba cha uani, nina rauta ya zamani: naomba ushauri

Mwana Kimara:
Wakuu, habari za jioni. Rauta ya faiba iko sebuleni. Mama analala chumba cha uani, kama mita 20 hivi, na katikati kuna kuta tatu za tofali za inchi 6. Akitaka kuongea kwa video na dada aliyeolewa Mwanza, inabidi akasimame kwenye karo nje ya jiko, ndipo mtandao unaposhika. Magoti yanamsumbua. Juzi mvua ilimkuta palepale, kajitanda kanga, simu kaishika juu. Roho iliniuma sana. Kabatini nina TP-Link TL-WR841N ya zamani, bado inawaka. Itafaa, au nijipange kununua kifaa kingine? Natanguliza shukrani.

Fundi Nyaya:
Usinunue kitu, mkuu, hiyo inatosha kabisa. Bonyeza kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani kama sekunde 10, iunganishe na kompyuta kwa waya, fungua 192.168.0.1 kwenye kivinjari. Ibadilishie anwani ifuatane na ya sebuleni: ile ikiwa 192.168.100.1, hii ipe 192.168.100.2. Ingia tena kwa anwani mpya, weka jina la waifai na paswedi zilezile za sebuleni, kisha zima DHCP. Hapo ndipo wengi hukwama. DHCP ndiyo inayogawa anwani kwa simu, na nyumba moja inataka mgawaji mmoja tu. Mwisho vuta waya toka sebuleni hadi kwa mama.

Dada Teknohama:
Na bila waya inawezekana, kwa WDS, yaani rauta ya pili inapokea waifai ya sebuleni hewani na kuirusha tena. Ila rauta zote mbili zikae chaneli moja, yaani masafa yaleyale ya redio, na hiyo ya pili iwe katikati ya njia, jikoni kwa mfano. Ukiiweka chumbani kwa mama itarusha mtandao uleule mbovu inaoupokea.

Fundi Nyaya:
Kweli dada, lakini kwa WDS kasi inashuka karibu nusu, maana redio moja inapokea na kurusha. Kwa simu za video mimi nashauri waya. Waya wa mtandao wa Cat5e unafika hadi mita 100. Chukua wa shaba halisi, sehemu ya nje ipitishe kwenye paipu isiliwe na jua, na usiulaze sambamba na nyaya za umeme.

Mwana Kimara:
Wakuu, mrejesho. Waya nimevuta Jumamosi, lakini simu ya mama inaliona jina la waifai halafu inazunguka tu, inasema inatafuta anwani.

Fundi Nyaya:
Umechomeka tundu la bluu? Hilo ni la WAN, la kuingizia intaneti. Hamishia la njano, lolote kati ya yale manne.

Mwana Kimara:
Ndilo! Imekubali papo hapo. Mama ameongea na dada dakika 40, amekaa kitandani, miguu kainyoosha. Mungu awabariki. Swali dogo: akija sebuleni simu bado inang'ang'ania ya uani.

Dada Teknohama:
Ni kawaida ya simu, haiachi mtandao mpaka udhoofike kabisa. Azime waifai ya simu na kuiwasha. Kwa kuwa umetumia waya, ya sebuleni iweke chaneli 1 na ya uani 11 zisiingiliane. Mpe mama shikamoo yangu.