Ukoo wa Bibi Mwanahawa: kazi ya shule ya Iddi

Salma: Shikamooni wakubwa. Wadogo, habari za jioni. Naomba msaada kwa kazi ya shule ya Iddi, hasa kwa Mjomba.

Salma: 📷 Picha

Salma: Hilo kaburi liko East Hampton, ncha ya mashariki ya kisiwa cha Long Island, New York, tulivuka na feri kwenda kuliona. Aliyezikwa ni Lion Gardiner. Mwalimu kampa kila mtoto mlowezi mmoja wa zamani, afuate ukoo wake hadi karibu na leo. Iddi kapewa huyu kwa sababu huku tunakokaa Connecticut ndiko alikojenga ngome, Saybrook.

Mama Mkubwa: Marahaba Salma. Iddi hajambo? Kile kikohozi?

Salma: Kimekwisha Mama Mkubwa, alhamdulillah.

Mjomba Hamisi: Marahaba mwanangu. Mbona sanamu imelala na deraya kama askari wa vita vya msalaba? Saybrook ni karne ya 17.

Salma: Sanamu ni ya 1886, Mjomba, wajukuu walipolijenga upya kaburi. Mwenyewe kafa 1663.

Bakari: Dada, alikuwa nani hasa?

Salma: Mwingereza, kazaliwa 1599. Alikuwa mhandisi wa ngome, akitumikia jeshi la Uholanzi. 1635 mabwana wakubwa wa Uingereza wakamwajiri aende Amerika awajengee ngome kwenye mdomo wa mto Connecticut, pauni 100 kwa mwaka, miaka minne. Kaoa Mholanzi, Mary, wa mji wa Woerden. Wakaondoka Woerden Julai, wakafika Boston mwisho wa Novemba, kwa jahazi la tani 25.

Mama Mkubwa: Tani 25! Novemba, bahari ile, na mwanamke ndani.

Salma: Na mimba juu Mama Mkubwa. Hesabu mwenyewe: mtoto wa kwanza, David, kazaliwa 29 Aprili 1636 Saybrook, ngome yenyewe bado magogo. Haya yote Gardiner kayaandika kwa mkono wake kwenye Biblia ya nyumbani: siku waliyotoka Woerden, mkewe binti wa nani, kila mtoto kazaliwa lini na wapi. Mary 1638, Elizabeth 1641.

Mama Mkubwa: Hapo nampenda. Marehemu baba alikuwa akiandika vizazi vyetu nyuma ya msahafu. Mpaka leo mtu akibisha umri wake tunaufungua.

Mjomba Hamisi: Sasa Iddi asiishie kwenye Biblia. Ngome ile haikujengwa kuzuia upepo. Walikuwepo Wapequot, kabila la wenyeji wa Amerika, wenye nguvu mto mzima. Andika vita.

Salma: Ndipo ninapokwama Mjomba. Mtoto ana miaka kumi na mbili.

Mjomba Hamisi: Umri huo anaweza. Ngoja niandike taratibu.

Mjomba Hamisi: Agosti 1636 wakuu wa koloni la Kiingereza la Massachusetts walimtuma kamanda wao Endecott na askari kuwaadhibu Wapequot kwa vifo vya Waingereza. Gardiner alipinga. Yeye ana watu wachache na chakula kidogo, mahindi yake yako shambani nje ya ngome. Aliwaambia wazi kwamba wamekuja kumchokozea nyigu, kisha wataruka waende zao wamwachie yeye wamuume. Ndivyo ilivyokuwa. Endecott akachoma vijiji akarudi Boston, Saybrook ikazingirwa hadi masika ya 1637. Gardiner akapigwa mshale wa paja alipotoka na watu wake kidogo tu nje ya ngome. Mishale mingine ilizuiliwa na koti lake la ngozi nene.

Bakari: Kwa hiyo alikuwa mtu wa amani?

Mjomba Hamisi: Sikusema hivyo. Alikuwa askari mwenye akili aliyejua gharama ya vita kabla ya wengine. Vita ilipokuja akapigana. Na 26 Mei 1637 kikosi cha Waingereza cha Mason na Underhill, kilichopitia ngome yake, kikachoma boma la Wapequot pale Mystic alfajiri. Waliokufa ni mamia, wanawake na watoto humo. Yeye mwenyewe hakwenda.

Mama Mkubwa: Inna lillahi.

Mjomba Hamisi: Walionusurika wengine waliuzwa utumwani, hata visiwa vya Karibi. Mkataba wa Hartford wa 1638, wa kumaliza vita, ukakataza hata jina la Pequot lisitajwe.

*Fatuma: Ujumbe huu umefutwa*

Fatuma: Samahanini, nilikuwa kwenye daladala. Shikamoo baba, shikamoo shangazi. Dada Salma, mimi nataka kujua ardhi. Huyo bwana alikuwa mwajiriwa. Aliwezaje kuacha ukoo wenye kisiwa?

Salma: Kumbe umeshasoma habari za kisiwa!

Fatuma: Kazi yangu ni hati kutwa nzima, jina likitajwa na ardhi lazima nifukue.

Salma: Siku tatu baada ya Mystic, alikuja ngomeni Wyandanch, mdogo wake chifu mkuu wa Long Island. Alikuja kuuliza kama Waingereza wamewakasirikia Wahindi wote, yaani wenyeji wa Amerika. Gardiner akamjibu hapana, ni wale tu waliowaua Waingereza, ila Wapequot wakikimbilia kwenu wauweni mniletee vichwa. Wyandanch akamletea vitano. Gardiner mwenyewe kayaandika haya 1660, uzeeni.

Mama Mkubwa: Salma, hivyo vichwa Iddi anavijua?

Salma: Anavijua. Aliniuliza kama urafiki unaweza kuanza hivyo. Sikuwa na jibu, ndiyo maana nimekuja huku.

Mjomba Hamisi: Mwambie Wyandanch alikuwa na watu wa kuwaokoa. Siku tatu nyuma boma zima limekwisha kwa moto. Alichagua upande ambao watu wake wangeishi. Mimi simlaumu, na sitamwita mwoga mtu aliyevuka maji kwenda kuuliza swali lile.

Fatuma: Na kisiwa?

Salma: 1639 mkataba wa ngome ulikwisha, akanunua kisiwa kutoka kwa Wamontaukett, watu wa Wyandanch. Wenyewe walikiita Manchonake. Ukoo unasimulia kuwa bei ilikuwa mbwa mkubwa mweusi, bunduki, baruti, ramu kidogo na mablanketi ya Kiholanzi. Baadaye akachukua hati kwa wakala wa bwana wa Kiingereza aliyepewa eneo lile na mfalme, kwa pauni tano kwa mwaka. Ekari 3,300 hivi, na mpaka leo kiko kwa ukoo huo.

Fatuma: Ile hati ya pili ndiyo iliyowaweka mpaka leo. Ya kwanza ilimridhisha jirani, ya pili iliiridhisha mahakama. Mimi hapa naliona kila wiki, familia imelima miaka hamsini, karatasi iko kwa mwingine.

Mama Mkubwa: Fatuma usinikumbushe kiwanja cha Pongwe.

Fatuma: Sasa tazameni hati ya 1659. Wyandanch, pamoja na mkewe na mwanawe, wanampa Gardiner ardhi ambayo leo ni mji wa Smithtown. Sababu ni kwamba Waniantic, kabila jingine chini ya chifu wao Ninigret, waliwavamia Wamontaukett wakamteka binti wa Wyandanch, na Gardiner akatoa mali yake kumkomboa. Wyandanch anasema alikuwa kwao kama baba, si rafiki tu. Na alama yake, badala ya sahihi, kachora watu wawili wameshikana mikono. Nimeikuza picha, vijitu viwili vya mistari, mkono kwa mkono.

Bakari: Hiyo Iddi aichore kwenye jalada.

Mama Mkubwa: Huyo binti anaitwa nani?

Fatuma: Hati inasema binti yangu tu, shangazi.

Mama Mkubwa: Binti wa Gardiner tunamjua siku aliyozaliwa.

Salma: Na tunajua alivyokufa, maskini. Elizabeth aliolewa na Arthur Howell, na Februari 1658 akiwa mzazi mchanga akashikwa na homa. Akawa anapiga kelele kwamba jirani, mama Garlick, anamroga. Akafa, na Garlick akapelekwa mahakama ya Hartford kwa uchawi.

Mama Mkubwa: Wakamuua?

Salma: Aliachiwa. Katika ushahidi, baba wa marehemu anatajwa akisema kuhusu mmoja wa washtaki kwamba mwanawe hakurogwa. Mshtaki huyo alichukua mtoto wa Kihindi kumnyonyesha kwa malipo, wa kwake akafa njaa. Fikiria ni msiba wa binti yake, na bado hakukubali mama wa watu anyongwe kwa maneno.

Mjomba Hamisi: Hilo liandikwe. Watu wengi waliosoma kuliko yeye waliwanyonga wanawake kwa uchawi Salem, Massachusetts, miaka 34 baadaye.

Salma: Ukoo wenyewe umeendelea vizuri tu. 1699 haramia Kapteni Kidd alizika mali yake kisiwani kwa mjukuu, John Gardiner, serikali ikaja kuichukua, na Kidd akanyongwa London 1701. Julia Gardiner, kazaliwa kisiwani 1820, akaolewa na Rais wa Marekani John Tyler 1844. Mtoto wao mmoja wakamwita Lyon Gardiner Tyler, na mwana wa huyo kafa 2025.

Bakari: Subiri. Rais aliyezaliwa 1790, mjukuu wake kafa juzi hapa??

Salma: Ndiyo. Wanaume walikuwa wakizaa uzeeni.

Mjomba Hamisi: Na ukoo wa Wyandanch?

Fatuma: Yeye kafa 1659 hiyo hiyo. Gardiner kaandika kuwa alipewa sumu, na theluthi mbili ya Wahindi wa Long Island walikufa wakati huo. Waliobaki wakabanwa Montauk. Walidai ardhi yao mahakamani, na 1910 jaji akatamka kuwa kabila la Montaukett halipo tena, nao wamo mle ndani wakimsikiliza.

Mama Mkubwa: Anawaona kwa macho yake?

Fatuma: Kwa macho yake, shangazi. Na wapo hadi leo.

Mjomba Hamisi: Usimsahau na Mwafrika. Kisiwa cha jirani, Fishers Island, ndiko alikokulia Venture Smith, jina la kwao Broteer. Alinunuliwa mtoto kwa galoni nne za ramu na kipande cha kaniki. Akajikomboa kwa jasho lake 1765, akawakomboa mke na watoto, na 1798 akasimulia maisha yake yakachapishwa. Kaburi lake liko Connecticut huko huko, East Haddam.

Salma: Sikujua kabisa. Ni karibu na sisi!

Mjomba Hamisi: Basi mpeleke Iddi. Na kazi yake aianzie kwenye hati ya 1659, asianzie kwenye ngome, kwa sababu hapo wako wote: askari, chifu, mke, mwana na binti. Kisha arudi nyuma kwenye Mystic na vile vichwa, asiruke.

Mama Mkubwa: Na kwenye ule mti wa ukoo achore matawi mawili, la Gardiner na la Wyandanch. Yule binti apate nafasi yake, aandikwe "binti wa Wyandanch, alikombolewa".

Salma: Mwalimu kaomba ukoo mmoja tu.

Mama Mkubwa: Mwambie mwalimu bibi yake kasema mawili.

Salma: Sawa Mama Mkubwa 🙏🏾 Anakabidhi Jumatatu. Akimaliza nawatumia hapa.

Mjomba Hamisi: Tuma kwa maandishi makubwa, macho yangu mnayajua.