Gemu ya kuvua dagaa: Godot, Unity, Lua au Pygame?

Mtoto_wa_Kibirizi
Wakuu, salaam kutoka Kigoma. Nataka kutengeneza gemu ya kuvua dagaa usiku: mtumbwi, taa, wavu, na migebuka wanaokuja kuwala dagaa kabla hujavuta. Ni ya kujifurahisha baada ya kazi, ila ikitoka vizuri naiweka hadharani na msimbo wake wote. Kwenye zana za kutengenezea gemu nimekwama kati ya Godot, Unity, LÖVE (inatumia lugha ya Lua), au Pygame (ya lugha ya Python). Jumamosi nanunua kompyuta iliyotumika, na bando la kupakulia nataka ninunue siku hiyo hiyo. Ipi inafaa? Nawasilisha.

Fundi_Ujiji
Mkuu, umeleta mgonjwa bila dalili. RAM kiasi gani? Kadi ya michoro ipi? Gemu ni ya simu au ya kompyuta? Umewahi kuandika lugha yoyote? Usipojibu, kila mtu atakutajia anachokipenda yeye.

Nyuki_wa_Tabora
Godot, maswali ya nini. Leseni ya MIT, hudaiwi hata senti. Lugha yake, GDScript, inafanana na Python, hutahangaika. Unity walitutisha Septemba 2023 na ile ada ya kila gemu inaposakinishwa. Wameifuta Septemba 2024, lakini tumeshawajua.

Dada_Mwanga
Nyuki acha kutisha watu. Kwa wale wa toleo la bure, ada ile ilivyotangazwa mwanzoni ingemgusa aliyeingiza dola 200,000 kwa mwaka na gemu yake kusakinishwa mara 200,000. Gemu yako wewe imesakinishwa na nani zaidi ya shemeji yako? Tatizo la Unity ni uzito. Ni magigabaiti, na bando lenyewe tunalijua.

Mtoto_wa_Kibirizi
Samahanini wakuu. RAM ni 4. Kadi sijui, muuzaji anasema "inacheza kila kitu". Gemu ni ya simu za Android. Python nilisoma kidogo chuoni.

Fundi_Ujiji
"Inacheza kila kitu", hahaha. Sikia. Godot 4 kwa kawaida yake inataka kadi inayojua njia mpya za kuchora kama Vulkan, na mashine nyingi za zamani hazina. Ukianzisha mradi chagua Compatibility, inatumia njia ya zamani zaidi, OpenGL 3.3. Ikigoma, shuka toleo la 3 la Godot utumie GLES2, nyepesi zaidi. Godot ni faili moja, haisakinishwi: iweke kwenye flashi, nenda nayo dukani, ifungue mbele ya muuzaji, sogeza kitu chochote kwenye skrini. Ndipo utoe hela. Pygame isahau, kuipeleka kwenye simu ni mateso.

Mwana_Lua
Mnamlundikia kijana mizigo. LÖVE ni megabaiti chache tu. Faili moja main.lua, ndani yake love.load, love.update na love.draw, kazi imeanza. Unafunga mafaili kwenye zip, unabadilisha .zip kuwa .love, unamrushia mwenzako kwa Bluetooth. Akiwa na LÖVE kwenye Android yake anacheza hapo hapo. Lua wameitengeneza Wabrazili tangu 1993, inakwenda popote.

Dada_Mwanga
Na orodha zake zinaanza na 1 badala ya 0. Ametoka Python huyo, atalia.

Mwana_Lua
Mvuvi gani anahesabu samaki kuanzia sifuri?

Mzee_wa_Reli
Vijana, mimi ningewaangalia kwanza watu wa huo mradi. Zamani nilitumia maktaba moja ndogo ya sauti, huria, sitaitaja. Kwenye simu za bei rahisi ilikuwa na ugonjwa: mtu akikupigia katikati ya gemu, ukirudi sauti imekufa mpaka uzime gemu uwashe upya. Nilikesha nayo mpaka nikaona haifungui tena njia ya sauti gemu inaporudi mbele. Dawa yake mistari michache. Nikaituma na maelezo, na aina za simu nilizojaribia. Mwenye mradi akanijibu mbele za watu kwamba Kiingereza changu hakisomeki, nikajifunze kwanza, akafunga ombi langu la marekebisho. Wakacheka. Mmoja aliyesema si uungwana akaambiwa asilete siasa. Toleo lililofuata, marekebisho yale yale yamo! Hata jina nililoliandika mimi kwenye msimbo, simuImerudi, limebaki hivyo hivyo kwa Kiswahili. Aliyetajwa kuwa fundi ni mtu mwingine kabisa.

Nyuki_wa_Tabora
Pole mzee. Leseni ilikuwa ipi? Kama ni MIT, ruhusa ya kutumia walikuwa nayo.

Fundi_Ujiji
Kutumia sawa, ila MIT hiyo hiyo inataka tangazo la hakimiliki libaki. Na kumtukana mtu hakumo kwenye leseni yoyote.

Mwana_Lua
Ndiyo maana miradi inaweka kanuni za mwenendo. Mradi wa Linux waliweka mpya Septemba 2018, wakati ule ule mwanzilishi wake Linus Torvalds alipoomba radhi kwa ukali wa barua zake na kupumzika kidogo. Zilitoka kwenye Contributor Covenant, kanuni za mfano za Coraline Ada Ehmke, za 2014.

Dada_Mwanga
Karatasi haimzuii mkorofi.

Mzee_wa_Reli
Na hao wangu walikuwa nazo hizo kanuni, mama. Zimeandikwa vizuri kweli.

Nyuki_wa_Tabora
Turudi kwenye gemu. Usisahau mwezi. Ukiwa mkali taa hazivuti dagaa, watu wanalala nchi kavu.

Dada_Mwanga
Siku hizo mchezaji ashone nyavu, alipwe kidogo. Na usichore karabai kila mtumbwi, taa za sola zimejaa siku hizi.

Mwana_Lua
Karabai ina sura, aiweke!

Mtoto_wa_Kibirizi
Zote mbili zitakuwepo. Nani ana sauti ya injini ya boti isiyo na haki ya mtu?

Fundi_Ujiji
Unakaa Kibirizi unaomba sauti ya boti? Nenda mwaloni alfajiri wakirudi, rekodi kwa simu.

Dada_Mwanga
Ila waambie kwanza wenye boti, wasije wakadhani unawapeleleza kwa niaba ya watu wa leseni za uvuvi.