Upungufu wa mevalonati kinasi: je, IgD ndiyo inayoleta homa?

Swali
Habari zenu, ndugu. Mpwa wangu, ambaye tangu uchangani hupatwa na homa kali za siku kadhaa zinazorudi kila baada ya wiki chache, pamoja na kuvimba tezi za shingo, maumivu ya tumbo na kuharisha, amebainika kuwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho mevalonati kinasi. Kingamwili zake aina ya IgD ziko juu mno. Je, ndizo zinazomshambulia, kama ilivyo katika lupasi?

Jibu la kwanza
Hapana, ingawa jina la zamani la ugonjwa huu, lililotokana na IgD, limewapotosha wengi. Katika lupasi mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya tishu zake wenyewe. Hapa kasoro imo katika kinga ya asili, yaani ile ya kuzaliwa nayo isiyotegemea kingamwili, ambayo huwaka pasipo adui. Jeni ya MVK, yenye maelekezo ya kutengeneza mevalonati kinasi, ikiwa na hitilafu, njia ile ile inayozalisha kolesteroli hushindwa kutoa vya kutosha viambata vya mafuta ambavyo hushikizwa kwenye protini fulani ili zifanye kazi. Mojawapo, RhoA, ndiyo husaidia kuizuia pirini, protini inayowasha kinga ya asili, isiamke. RhoA ikilegea, pirini huamka na chembe nyeupe za damu humwaga interlukini-1 beta, protini ya kuchochea uvimbe, ambayo huleta homa. Kwa hiyo antibiotiki haziizimi homa hiyo.

Jibu la pili
Naongezea kwamba IgD inaweza kuwa ya kawaida kabisa, hasa kwa watoto wadogo sana, na wingi wake hauendi sambamba na ukali wa homa. IgA, aina nyingine ya kingamwili, nayo mara nyingi hupanda. Kwa maoni yangu, kipimo cha jeni, pamoja na kile cha asidi ya mevaloniki, ambayo hurundikana kimeng'enya hicho kikipungua, katika mkojo uliochukuliwa wakati wa homa, vina uzito zaidi. Chanjo pia huweza kuamsha homa, kwa kuwa huichokoza kinga hiyo hiyo ya asili, lakini zisiachwe bila ushauri wa daktari.

Muulizaji
Nashukuru sana. Je, interlukini hiyo inazuilika? Tena wazazi wake wote wawili ni wazima.

Jibu la tatu
Inazuilika. Canakinumab, dawa ya sindano inayoikamata interlukini-1 beta, iliidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 2016; kolchisini, inayowafaa sana wenye homa ya kurithi ya Mediterania, hapa kwa kawaida haisaidii sana. Kuhusu wazazi, kila mmoja amebeba nakala moja ya jeni ya MVK yenye kasoro na nyingine nzima inayomtosha, ila kila mimba yao ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mwenye ugonjwa, hivyo ndugu zake wenye homa kama hizo nao wapimwe.