Naomba ushauri: mwanafunzi mgeni ameze doksisaiklini saa ngapi?
Wakuu, habari zenu. Familia hapa Moshi itampokea mwanafunzi wa afya ya kimataifa kutoka Marekani. Atameza doksisaiklini miligramu 100 kila siku kujikinga na malaria, hadi wiki 4 baada ya kuondoka. Shida ni ratiba ya nyumba. Asubuhi ni chai ya maziwa, na kalsiamu hupunguza ufyonzwaji wa dawa. Chakula cha usiku huiva saa 3, kisha watu wanalala. Akimeza na kujilaza papo hapo, kidonge kinaweza kukwama na kuunguza umio. Je, asubuhi chai ya rangi, mkate na glasi nzima ya maji vinatosha? Maziwa yasubiri muda gani? (Chandarua chenye dawa kipo, hilo msihangaike.)