Kodi ya mota ya pampu ya ABS: kwako tatizo lilikuwa nini hasa? Tupeane uzoefu

Mleta mada

Wakuu, habari za muda huu. Uzi huu naomba uwe wa jambo moja tu. Kama umewahi kusomewa kodi (namba ya hitilafu inayotolewa na mashine) ya mota ya pampu ya ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, njoo useme mwishowe kilichokutwa kibovu ni kipi.

Nauliza kwa sababu mambo huenda hivi: taa ya ABS inawaka, fundi anachomeka mashine, kodi inataja mota ya pampu, na hapohapo unaambiwa katafute pampu nzima. Mita haijashikwa. Pampu yenyewe ni ghali, na ya mtumba hujui kama ilitolewa kwenye gari lililogongwa au lililokuwa na ugonjwa huohuo.

Langu lilikuwa na tabia moja. Nikiwasha, taa inazima vizuri. Nikiondoka, mwendo ukifika kama kilomita 15 au 20 kwa saa, inawaka na haizimi tena. Breki zinashika kama kawaida.

Kumbe mwendo ule una maana. Kompyuta ya ABS hujipima kila unapowasha gari, na kwenye magari mengi zamu ya mota huja gari likishaanza kutembea: inapewa umeme kwa kitambo kifupi tu, ndiyo ule mguno wa "grrr" unaotoka chini ya boneti na wengi hawaujali. Kwangu mguno haukuwepo. Taa inayowaka tangu unafungua swichi, gari limesimama, mara nyingi inatoka kwingine: fyuzi, waya wa sensa, au kompyuta yenyewe.

Kilichokutwa ni boliti ya waya hasi wa pampu, pale inapokazwa kwenye bodi ya gari chini ya tangi la maji ya wipa. Maji yalikuwa yanadondokea hapo. Kwa macho ilikuwa imekaza vizuri kabisa, ila ndani ni kutu tupu. Ikapigwa msasa, ikarudishwa, mguno ukarudi. Haya, leteni zenu.

Waya Mwekundu

Mleta mada umegusa penyewe. Nafanya kazi ya umeme wa magari, na hiyo boliti imewanunulisha watu pampu nyingi sana.

Mota ile ni ya kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka), ya volti 12, na ikizunguka inakula ampea nyingi. Ndiyo maana ina fyuzi yake kubwa, aghalabu ya ampea 30 au 40, tofauti na fyuzi ya vali, ile milango midogo ya mafuta ya breki. Sasa ukipima boliti iliyooza kwa ohm (ukinzani wa waya) wakati mota imelala, mita itakusomea karibu na sifuri, nawe utasema waya mzima. Unyuzi mmoja tu uliogusa unatosha kuidanganya mita. Mzigo ukija, unyuzi huo haupitishi kitu.

Kwa hiyo pima volti mota ikiwa kazini. Ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine ichokoe nyuma ya soketi ya pampu kwenye pini ya hasi, soketi ikiwa imechomekwa. Kisha iamuru mota izunguke kwa mashine. Ukiona zaidi ya volti 0.2 hivi, waya hasi una kesi. Upande wa chanya, kutoka betri hadi pini, mimi nikikuta zaidi ya nusu volti sisogei mbele mpaka nijue inapotelea wapi. Huna mashine ya kuamuru? Chomoa soketi, unganisha taa kubwa ya mbele ya wati 55 kati ya pini ya chanya ya mota na pini ya hasi. Ikiwaka kwa unyonge, umeme haufiki vizuri, pampu haina kosa.

Halafu tuielewe kodi yenyewe. Kompyuta haina jicho la kuiona mota, inachosoma ni volti tu. Inafungua umeme, inaukata, kisha inasubiri. Mota nzima ikikatiwa umeme haisimami ghafla. Inaendelea kuzunguka kwa nguvu iliyobaki, na ikizunguka hivyo inageuka jenereta, volti zinashuka taratibu. Zikianguka hadi sifuri papo hapo, kompyuta inaandika kwamba mota imekwama. Zisipotokea kabisa baada ya amri, inashuku fyuzi, relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) au waya. Zikibaki juu wakati imeshaamuru kuzima, relei imeng'ang'ania.

Ndiyo maana C1251 ya Toyota, C1095 ya Ford, C1111 ya Nissan na 01276 ya Volkswagen zote zina jina la mota au pampu, lakini zinamaanisha njia nzima ya umeme, kuanzia betri hadi kwenye bodi ya kompyuta. Betri usiidharau: gari likiwa limezimwa na kutulia isome kama 12.6, injini ikiwa inaunguruma isome kati ya 13.5 na 14.5. Betri iliyochoka ikibebeshwa mota, volti zinazama na kodi inaandikwa bila kitu kingine kuwa kibovu.

Dereva wa Usiku

Kwangu fyuzi ilikuwa imekatika. Nikaweka mpya, ikakatika tena siku hiyohiyo. Mtu akanishauri niweke kubwa zaidi, nikakataa. Hilo tu ndilo ninaloweza kujisifia.

Binti Spana

Ulifanya vema kukataa, ndugu. Fyuzi ya mota ikikatika mara mbili, fungua mota.

Mimi nilifungua ya gari la mama. Mota inashikwa na skrubu kwenye kizibo (bloku) cha alumini chenye vali, na ncha ya shafti yake ina egemeo lililopinda linalosukuma vipistoni viwili vya pampu. Sehemu ile yote inatakiwa iwe kavu. Nilipoichomoa, mafuta ya breki yakamwagika. Mipira ya vipistoni ilikuwa imechoka, mafuta yakapenya hadi kwenye kaboni, yakachanganyika na unga wa kaboni yakawa tope jeusi linalopitisha umeme. Hapo kusafisha mota ni kujichelewesha, mafuta yatarudi. Tulibadilisha kizibo na mota yake, tukaacha kompyuta ya zamani.

Kitu ambacho hatukuambiwa na muuzaji: baada ya kubadilisha, kutoa upepo kwa kukanyaga pedali peke yake hakutoshi. Hewa inajificha ndani ya kizibo nyuma ya vali zilizofungwa. Inabidi mashine iamuru vali na pampu zifanye kazi huku mwingine anafungua nipo, yaani skrubu ya kutolea hewa kwenye breki. Usipofanya hivyo, pedali itakuwa ngumu na nzuri mpaka siku ABS itakapofanya kazi kweli, hewa itoke ilikojificha, pedali izame.

Kaka Pedali

Langu nililigonga na mpini wa spana kwenye kichwa cha mota, taratibu tu. Mota ikazunguka. Taa haijawaka tangu hapo. Wengine mnazunguka sana.

Waya Mwekundu

Kaka Pedali, kugonga ni kipimo kizuri. Ikizunguka baada ya kugongwa, umejua kwamba umeme unafika na tatizo ni la ndani ya mota: kaboni zimeisha au zimeganda kwenye vishikio, au pampu imeshikwa na kutu. Lakini hujatibu kitu. Ile mota inaweza kupita kipimo cha sekunde moja kila asubuhi, halafu ikagoma siku umekanyaga breki kwenye utelezi. Taa kutowaka isikupe usingizi.

Kaka Pedali

Mkuu nimekusikia, ila bado inatembea 😀

Mama Gia

Hiyo ya kutu ndiyo iliyonipata. Gari lilikaa bila kutumika muda mrefu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na pampu ya ABS ni kama bomba la zimamoto: lipo miaka na miaka halifunguliwi. Fundi alitoa mota, akaipa umeme wa betri moja kwa moja kupitia waya wenye fyuzi, kwa sekunde moja mbili. Ikazunguka vizuri kabisa. Akairudisha kwenye kizibo, ikagoma. Yaani mota nzima, vipistoni ndivyo vimeganda. Tangu hapo mafuta ya breki nabadilisha kila baada ya miaka miwili, na siongezi tu juu ya yale meusi.

Kivuli cha Boneti

Yangu ni tofauti. Gari likiwa baridi hakuna taa. Likishapata joto la safari ndefu, taa inawaka, kodi ya mota. Nikipumzisha, inapona. Waya zote zilipimwa, mota ikapewa umeme moja kwa moja, nzima. Ilikuwa bodi ya kompyuta: maungio ya ndani yamepasuka kwa joto na mtikisiko, yakipanuka yanaachana. Kuna mafundi wa bodi za kompyuta wanaofungua kile kifuniko kilichogundishwa na kuunganisha upya. Nikachagua hiyo badala ya kompyuta ya mtumba, kwa sababu ya kwako inarudi na mipangilio yake ya gari lako. Ya mtumba, hata namba zikifanana, magari mengi yanadai ipangwe upya, na mengine yanataka hadi sensa ya usukani iwekwe sifuri.

Dereva wa Usiku

Kuna aliyekutana na pampu isiyozima? Jirani yangu alizima gari, akatoa ufunguo, bado inaunguruma. Asubuhi betri imekufa.

Waya Mwekundu

Relei imeganda ikiwa imefunga, au swichi ya umeme ndani ya kompyuta imeungua na kubaki inapitisha umeme. Hiyo usiipeleke kesho. Mota ile haikutengenezwa izunguke bila kupumzika, inachemka, na inaweza kuunguza gari. Mwambie achomoe fyuzi ya mota na asiliegeshe karibu na nyumba mpaka lishughulikiwe.

Na jambo lingine, kwa wenye magari ya mseto (ya mafuta na umeme) na yale ambayo pampu ya umeme ndiyo inayosaidia mguu kukanyaga breki. Hayo msiyachanganye na haya tunayozungumzia. Kwetu mota ikifa, taa ya njano inawaka, breki ya kawaida inabaki, unakosa ABS tu. Kwao mota ikifa, akiba ya presha inaisha na pedali inakuwa ngumu kama ukuta. Kengele ikilia na taa nyekundu ikawaka, paki hapohapo. Na usilegeze bomba lolote kabla ya kutoa presha kwa utaratibu wa kitabu cha gari lile. Kwenye baadhi yake hata kufungua mlango tu kunaiamsha pampu.

Hata kwenye gari la kawaida, njano na nyekundu zikiwaka pamoja si sawa na njano peke yake. Mgawanyo wa breki za nyuma nao huwa umekwenda, na magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga kabla ya ya mbele.

Mgeni Njiani

Samahani wakuu. Nimefuata maelezo: hasi nimesafisha, taa ya wati 55 inawaka kwa nguvu, mota nimeipa umeme inazunguka. Bado taa ya ABS inawaka. Ninunue kompyuta?

Waya Mwekundu

Bado. Mashine uliyotumia inasoma ABS, au ni ile ndogo ya kusoma kodi za injini? Nyingi za hizo haziingii kabisa kwenye ABS. Na baada ya kusafisha, ulifuta kodi na kuendesha mpaka upite mwendo wa kipimo, au ulitazama taa gari likiwa limesimama?

Mgeni Njiani

Limesimama.

Waya Mwekundu

Magari mengine hayazimi taa mpaka mota ipite kipimo barabarani. Futa kodi, tafuta sehemu tulivu, endesha hadi kilomita 30 kwa saa huku redio imezimwa, usikilize mguno. Ukiusikia na taa ikabaki, soma kodi upya. Huenda sasa ni nyingine. Usipousikia, rudi na volti za kwenye pini wakati wa amri, ndipo tuizungumzie kompyuta.