Hadithi yangu ya upelelezi iko kwenye mji wa chini ya ardhi jangwani. Niiache huko au niihamishie Dar?

MwandishiSinza:

Wakuu, habari za jioni. Wengine humu mnanifahamu, ndiye ninayeandika zile hadithi za inspekta wa Magomeni zinazotumwa kwenye makundi ya WhatsApp kila Jumatano na Jumamosi. Safari hii nimetoka nje ya Dar na nimekwama, naomba mawazo yenu.

Kabla sijarudi nyumbani niliwahi kufanya kazi jikoni kwenye moteli moja huko Coober Pedy, Australia Kusini. Ni mji wa jangwani, karibu kilomita 850 kaskazini mwa Adelaide kwa barabara. Watu wake hawafiki 2,000, na zaidi ya nusu wanalala ndani ya vilima. Msifikirie mapango ya popo. Ni nyumba kamili, zina sebule, friji, zulia na picha za wajukuu ukutani, ila zimechongwa kwenye mwamba. Kiangazi huko nje joto linapita nyuzi 40, halafu unaingia ndani unakuta 24 hivi, bila feni wala kiyoyozi. Mji wenyewe umezaliwa na opali, jiwe la thamani la kutengenezea vito. Mwaka 1915 kijana wa miaka 14, Willie Hutchison, ndiye aliyeokota jiwe la kwanza, wakati wazee aliofuatana nao walikuja kusaka dhahabu.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja wa Kigiriki. Kuta zake zilikuwa na mistari ya wekundu na rangi ya maziwa, na ukipitisha kiganja unazihisi alama za meno ya mashine iliyochimba, zimejipinda nusu duara moja juu ya nyingine. Zilipakwa gundi ya kung'aa ili vumbi lisidondokee chakula. Ukizima taa, mkono wako mwenyewe huuoni. Dar umeme ukikatika bado kuna mwezi, kuna simu ya jirani, kuna taa ya bodaboda inapita. Mle hakuna kitu. Unaamka hujui kama ni alfajiri au saa saba mchana.

Hapo ndipo moyo wangu wa upelelezi ulipoanza kwenda mbio. Hadithi zangu zote zimesimama juu ya mtu kusikia. Nyumba zetu za kupanga, vyumba sita na korido, dari hakuna: wa chumba cha mwisho akikohoa, wa chumba cha kwanza anampa pole. Inspekta wangu anafika, anakaa kibarazani, anapewa kila kitu. Sasa kule shahidi atasikia nini? Ukuta ni jiwe. Dirisha la kuchungulia hakuna. Kinachoonekana nje ni mabomba ya hewa yaliyochomoza mgongoni mwa kilima. Jioni nikikatiza huko juu nilikuwa nasikia harufu ya kitunguu kinakaangwa, inatoka ardhini, na kwa harufu hiyo nilikuwa najua nani amesharudi nyumbani na nani bado.

Halafu kuna mashimo. Ukitoka tu mjini ni mashimo ya wachimbaji, maelfu kwa maelfu, mengi hayajafukiwa, kila moja na kichuguu chake cha kifusi cheupe pembeni. Kuna vibao vinakuonya usikimbie na usitembee kinyumenyume. Kila niliyemsimulia anadhani maiti yangu itakuwa humo. Hapana. Hadithi yangu ni ya mzee anayeishi peke yake na anaongeza chumba cha saba. Kuchimba opali ndani ya mji hairuhusiwi, ila kupanua nyumba yako ni jambo la kawaida, na wapo waliokuwa wanapanua wakakutana na opali ukutani. Watu wanajua. Hawaulizi.

Na hilo la kutouliza ndilo lililonikaa kuliko joto, kuliko nzi (nzi wa kule watu wanavaa neti usoni). Mji mdogo, kila mtu anaijua gari yako, lakini "ulikuwa nani kabla ya kuja hapa" halitoki mdomoni mwa mtu. Wagiriki, Waserbia, Wakroatia, Waitalia, wengi walikuja baada ya Vita Kuu ya Pili, kila mmoja na yake aliyoyaacha. Nimewapikia wazee waliokula meza moja Jumapili kwa Jumapili na hawajuani vijiji walivyozaliwa. Mimi naona ni heshima kubwa, na papo hapo naona ni mahali pazuri mno pa kuficha jambo.

Tatizo langu: sehemu ya kwanza nimewaonjesha wasomaji wachache, wamegoma. Mmoja kasema nimewaweka binadamu kwenye mashimo ya panya. Mwingine kasema uwanja wa gofu usio na jani hata moja, unaochezwa usiku kwa mipira inayowaka, huo nimeutunga. Upo! Mchana joto haliruhusu, na kila mchezaji anatembea na kipande chake cha nyasi bandia cha kupigia mpira. Mhariri wangu anasema nihamishie kila kitu Dar, chumba cha saba kiwe Tandale.

Mnasemaje? Nawasilisha.

KondaMstaafu:

Dada, mimi nakusoma kwenye daladala ya Gongo la Mboto kila asubuhi, kwa hiyo nakuambia kama mteja. Hamishia Dar. Ukiandika "akashuka Magomeni Mapipa" mimi namuona mtu, namuona na muuza mihogo aliyesimama pale. Huko kwingine sioni mtu. Na ukinipa aya tatu za joto na kilomita kabla hajafa mtu, naruka. Sisemi hadithi ni mbaya, nasema nina vituo vinane tu kabla sijafika kazini.

Mwanaapolo wa Zamani:

Binti yangu, usihamishe. Wanaosema haipo hawajawahi kushuka duara, yaani shimo la mgodi. Mimi nimekuwa mwanaapolo, mchimba tanzanite, kule Mirerani, kabla hata ya ule ukuta wa kuzunguka machimbo, wa kilomita 24 na ushee, uliozinduliwa Aprili 2018, na huo ukimya unaousema naujua vizuri. Mtu akikutana na mawe usiku, kesho anashuka kazini na nguo zilezile zilizochanika, anaomba sigara kama jana. Hata ndugu yake hajui. Unajua nani anajua wa kwanza? Mama ntilie. Deni la miezi linalipwa lote siku moja, noti hazijakunjwa. Hapo mama anafunga mdomo, maana anajua akisema kesho yule mtu hayupo, na yeye kapoteza mteja.

La pili. Mpelelezi wako aachane na masikio, atafute kifusi. Chumba cha mita 4 kwa 4, kimo mita 2.5, hiyo ni mita za ujazo 40. Jiwe likivunjwa linavimba, weka 60. Kenta moja inabeba kama mita 3, kwa hiyo ni tripu ishirini. Tripu ishirini zinapita wapi mji mzima usizione? Na kama kilima chake nje hakijaongezeka, basi kile chumba hakichimbwi. Kinajazwa.

Kule kifusi wanakitoaje?

MwandishiSinza:

Shikamoo mzee wangu. Hiyo "kinajazwa" imeninyima usingizi, asante sana.

Machimboni wana lori lenye pipa kubwa mgongoni, linafyonza kifusi kutoka chini kwa bomba refu na kukimwaga hapohapo, ndiyo maana jangwa limejaa vichuguu. Kuna watu wanapita kwenye vichuguu vya wengine wakichekecha kwa mkono, kama akina mama wa Mirerani, wakitafuta kilichopita bila kuonekana. Na wapo wezi wa usiku, wanashuka kwenye shimo la mtu aliyeanza kuona rangi ya opali, asubuhi mwenyewe anakuta ukuta umekwanguliwa. Hao wanachukiwa kuliko muuaji. Wenyewe wanaeleza kwamba mtu anaweza kuchimba miaka na anachotoa kikawa opali isiyo na rangi, haina bei, halafu wiki moja ndiyo ikamlipa yote. Ukimwibia wiki hiyo umemwibia miaka.

Kondakta wangu, nimekusikia na wewe. Kilomita zitatoka.

Neema_Ukonga:

Dada mimi nimeipenda ila nina swali. Umetaja Wagiriki, umetaja Waserbia, umetaja hadi nzi. Wenye ile nchi wako wapi? Maana tunajua hadithi za namna hii zinavyokwenda, mji "unagunduliwa" na mwenyeji anatokea ukurasa wa mwisho kufuatilia nyayo.

MwandishiSinza:

Neema, swali lako ni zito na nalijibu kwa moyo wote. Wenyeji wapo, na walikuwepo kabla ya hilo jiwe la 1915. Watu wa Antakirinja Matu-Yankunytjatjara mahakama iliwatambulia haki yao juu ya eneo lile mwaka 2011. Kuna jumuiya yao palepale mjini, Umoona, na mpishi mwenzangu pale motelini alikuwa anatoka huko. Yeye ndiye aliyenifundisha kuutazama ule mji. Alikuwa anaangalia sahani zinavyorudi jikoni: nani kaacha nyama, nani leo kaomba mkate wa kubeba wakati anaishi peke yake. Alikuwa hasemi, anasogeza tu sahani upande wangu nione.

Mfuata nyayo hatakuwepo kwenye hadithi yangu. Nataka mwanamke mwenye kazi, mwenye mshahara mdogo na macho makali.

Na nikisoma alichoandika mzee wa Mirerani kuhusu mama ntilie, naona hadithi imejipanga. Inspekta namuacha Magomeni apumzike. Mpelelezi ni wapishi wawili, mmoja wa Umoona na mmoja wa Sinza. Mmoja nchi ni yake na watu hawamuoni, mwingine ni mgeni na watu hawamuulizi, kwa hiyo wote wawili wanapita popote. Hadithi inabaki Coober Pedy. Nikiileta Tandale, jirani atasikia sururu usiku wa kwanza, mjumbe ataitwa asubuhi, na sina hadithi tena.

Mhariri nitamweleza hivyohivyo.

KondaMstaafu:

Kama unaanza na yule mzee kulipa deni la chakula lote siku moja, hapo umenipata, nakufuata hata huko jangwani. Maana nilishaona mtu wa hivyo kituoni kwetu na hadi leo sijui hela ilitoka wapi. Ila mkate wa kubeba uuweke mapema, sehemu ya kwanza hiyohiyo. Kuna mtu anakula humo ndani kwenye chumba cha saba, si ndiyo?

Mwanaapolo wa Zamani:

Konda, usimharibie mwandishi.

MwandishiSinza:

Sijibu hilo! Sehemu ya kwanza naiandika upya, inatoka Jumatano saa mbili usiku. Mbili za mwanzo ni bure kwa kila mtu. Mzee wangu wa Mirerani, naomba nikupigie kabla ya hapo. Nataka kujua mtu anashikaje sururu kwenye kona finyu, na mkono upi unachoka kwanza.