Nesi wa kuja nyumbani, nitajuaje kama ni nesi kweli?

Bint_Michenzani: Asalaam alaykum, bi mkubwa wetu ana sukari na kidonda cha mguu hakiponi, tumepata nesi wa kuja kumsafisha nyumbani lakini katuonesha cheti kwenye simu tu, na picha yenyewe imekatwa pembeni namba haisomeki. Namhakiki wapi?

Mpemba_wa_Wete: Waalaykum salaam dada. Cheti cha chuo maana yake kasoma tu, we muombe leseni, tazama tarehe ya kwisha na jina lifanane na kitambulisho chake, halafu namba uende nayo Baraza la Wauguzi na Wakunga Zanzibar. Akikwambia kasajiliwa Bara hilo baraza jengine, afya si jambo la Muungano.

yakhe77: Na muulize alikuwa hospitali gani, manesi wanajuana hao. Mie asiekosha mikono kabla ya kufungua bendeji simtaki hata awe na leseni kumi

Bint_Michenzani: Ahsanteni, nshamtumia meseji ya leseni, kasoma kanyamaza 😅

Mpemba_wa_Wete: Mh! Basi kesho mpelekeni kituo cha afya akasafishwe, huyo muacheni hukohuko